Kampasi Mpya na Njia ya Ng'ombe

Kaa vizuri unisikilize, wewe uliyeajiriwa juzi kuwa karani wa kamati, na wewe pia unayeiwazia kazi hii bila kujua ndani yake mna nini. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, kwanza chini ya manispaa, kisha chini ya kaunti. Ni kazi nzuri. Mtu akikuambia kwamba karani ni wa kuandika tu, mwache aseme, halafu umwombe akuonyeshe uamuzi mmoja wa serikali ambao haukupita mikononi mwa karani.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisi za manispaa mjini Kisumu saa moja na nusu asubuhi, nimevaa viatu vya dada yangu ambavyo vilinibana vidole. Mkubwa wetu alikuwa Karani wa Mji, mtu mrefu aliyevaa sweta hata wakati wa joto la Januari. Alinipa daftari moja na penseli mbili.

"Mbili za nini, Bwana?" nikauliza.

"Moja ikivunjika, kikao hakikungoji uchonge."

Mchana huohuo aliniketisha kwenye kamati ya afya, iliyokuwa ikijadili mitaro ya soko. Niliandika kila kitu. Jioni nilimpelekea kurasa kumi na moja, nikitarajia sifa. Akatoa kalamu nyekundu.

"Binti, hapa umeandika kwamba diwani alipiga chafya."

"Alipiga kweli, Bwana."

"Alipopiga, aliamua nini?"

"Hakuamua kitu."

"Basi ifute. Sisi tunaandika hoja, aliyeipendekeza, aliyeiunga mkono, na uamuzi. Kisichosemwa hakipo. Na kilichosemwa bila kuamuliwa, kiandike kwa mstari mmoja."

Kurasa kumi na moja zikawa moja na nusu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kumbukumbu za kikao hazifanani na hadithi ya kikao. Hadithi inaeleza yaliyotokea. Kumbukumbu zinaeleza yale ambayo watu watabanwa nayo kesho.

Kutoka hapo nilihamishwa kamati hadi kamati. Katika kamati ya maji nilijifunza kuhesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe wanaotakiwa wawepo ili kikao kiwe halali. Kulikuwa na madiwani waliojua kuua hoja bila kuisema vibaya: mmoja anatoka kwenda msalani, wa pili anamfuata, wa tatu anakumbuka simu, akidi inavunjika na mwenyekiti hana budi kuahirisha. Mimi nikajifunza kukaa karibu na mlango. Diwani akiinuka, namuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, nikuandike umetoka saa ngapi?" Wengi walirudi kukaa.

Baadaye nilipelekwa katika baraza dogo la mji nje ya Kisumu, ambako nilikuwa karani, mpiga chapa na mtunza ufunguo wa ukumbi. Ugatuzi ulipokuja na madaraka yakahamia kaunti, mabaraza yale yakavunjwa na mimi nikaajiriwa katika bunge la kaunti. Madiwani wakawa wajumbe wa bunge, tukapata Spika na siwa, ile fimbo ya heshima inayotangulia Spika anapoingia. Lakini kazi yangu ilikuwa ileile: hoja, mpendekezaji, muungaji mkono, uamuzi.

Sasa nikueleze lile jambo ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, chuo kikuu kimoja kilileta barua kikiomba ardhi ya umma ili kijenge kampasi mpya ya kilimo na uvuvi. Eneo lenyewe lilikuwa tambarare, chini ya mji mdogo wa Pap Onditi ukielekea ziwani, mahali ambapo wenyeji wanapaita Dipu kwa sababu ya josho la kuogeshea ng'ombe lililojengwa pale zamani. Ardhi ile ilikuwa mikononi mwa serikali tangu siku za josho, na josho lenyewe lilikuwa limekauka miaka mingi.

Jambo kama hili lina safari yake, nawe uijue. Barua hufika kwa Karani wa Bunge, mkuu wetu sisi sote. Yeye humpelekea Spika, na Spika huikabidhi kwa kamati inayohusika, ambayo hapa ilikuwa Kamati ya Ardhi na Mipango, kamati yangu. Kamati huwaita wenye ombi, hutembelea mahali, husikiliza wananchi, kisha huandika ripoti. Ripoti huwekwa mezani bungeni, na wajumbe wote hupiga kura. Kile kikao cha kusikiliza wananchi tunakiita ushirikishwaji wa umma, na sheria hairuhusu ukiruke.

Chuo kilimtuma Naibu wa Makamu Mkuu anayeshughulikia mipango. Aliingia na michoro iliyoviringishwa, akaitandaza juu ya meza yetu, akaishikilia kwa chupa za maji. Ilipendeza: madarasa, mabwawa ya samaki, maktaba inayotazama ziwa. Wajumbe walisimama kuizunguka kama watu wanaotazama picha za harusi.

Mjumbe wa kutoka Nyamasaria, kwenye maegesho ya malori, hakuvumilia. "Kwa nini mnaipeleka mbali? Kwetu lami iko mlangoni."

"Lami iko, Mheshimiwa," mwenzake akamjibu, "lakini ardhi iko wapi? Utajenga chuo juu ya lori?"

Walicheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanasiasa mzoefu, mkazi wa Milimani, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau. Aliutaka mradi huu kwa moyo wote, na hata mimi niliutaka. Nilikuwa nimewaona watoto wa jamaa zangu wakisafiri mbali kusomea kilimo, huku nyumbani udongo mweusi uko mpaka mlangoni.

Tukapanga kikao cha wananchi katika shule ya msingi iliyo karibu na josho. Nilituma tangazo kwa chifu, likabandikwa siku zinazotakiwa. Siku ilipofika, watu walijaa madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta wa mbao kati yake. Kina mama walikaa upande mmoja, vitambaa vimefungwa kichwani, mikono mapajani. Chifu aliomba dua. Naibu akaonyesha michoro yake na kueleza kwa dakika arobaini. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mtu ana pingamizi?"

Kimya.

Akauliza tena. Mzee mmoja alikohoa, akainamisha kichwa. Mwenyekiti akauliza mara ya tatu, kisha akatabasamu na kusema kwamba wananchi wa Dipu ni watu waungwana. Nami nikaandika: *Mwenyekiti aliuliza mara tatu. Hakuna aliyepinga.*

Wakati wa kurudi Kisumu niliona kitu na nikakipita. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ardhi imelainika, wakati wenyewe hasa wa kulima. Lakini mashamba yote kandokando ya barabara yalikuwa hayajaguswa. Hakuna jembe, hakuna ng'ombe wa plau, hakuna mtu. Nilikiona kwa macho nikafikiria chakula cha mchana.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana, kumbukumbu zikasomwa, zikathibitishwa, Mwenyekiti akatia sahihi. Kuthibitisha maana yake ni kwamba wajumbe wamekubali kuwa yaliyoandikwa ndiyo yaliyotokea. Nikaandika ripoti: kamati inapendekeza ardhi itolewe yote. Ilikuwa iwekwe mezani Jumanne.

Alhamisi kabla ya Jumanne hiyo, askari wa getini alinipigia simu. "Bi Karani, kuna mama hapa anasema hatoki mpaka aone mtu mwenye kuandika."

Nilishuka. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kanga mbili, viatu vya plastiki vyenye matope yaliyokauka. Aliitwa Mama Risper. Nilimkumbuka: alikuwa amekaa safu ya mbele kule shuleni, hakusema neno. Nikamkaribisha ofisini. Akakataa chai.

"Wewe ndio ulikuwa unaandika?"

"Ndiyo, Mama."

"Sisi uliandika tumesema nini?"

Nikafungua faili nikamsomea. Hakuna aliyepinga.

"Wewe ni nyar wapi?" Yaani, binti wa wapi.

"Nyar Seme, Mama."

"Na huko Seme hawaziki watu?"

Nilielewa kabla hata hajaeleza. Shemeji yake, mzee wa ukoo ule, alikuwa amefariki siku nne kabla ya kikao chetu. Mwili ulikuwa bado mochari. Na kwetu, mzee akiwa hajazikwa, majirani hawatii jembe ardhini, sembuse kukaa mbele ya wageni na kubishania ardhi. Anayefanya hivyo ataonekana kama mtu aliyekuwa anangoja mzee afe ili agawane.

"Chifu alitwambia tukuje, tukakuja kwa heshima," akasema. "Lakini nani angefungua mdomo? Hata wewe ungefungua?"

"Nisingefungua, Mama."

"Basi hiyo kitabu yako inasema uongo."

Akavuta kiti karibu, akachora mezani kwa kidole. Hapa josho. Hapa ziwa. Hapa, upande wa ziwa, boma lake na maboma mengine ya ukoo. Njia yao pekee ya kutoka, ile ambayo ng'ombe walipita tangu siku za josho, ilikata katikati ya ardhi iliyoombwa. Ua wa chuo ulikuwa umechorwa moja kwa moja juu yake. Njia nyingine ilikuwa kando ya mto, na mto ule ukifurika haupitiki kwa majuma.

"Sisi hatukatai chuo," akasema. "Mjukuu yangu nataka asome hapo, awe daktari ya samaki. Lakini wakifunga hapo, mgonjwa nitampitisha wapi? Na ng'ombe yangu haina digrii, hawawezi kuifungulia geti."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akapangusa macho.

Sasa ewe mwenzangu kijana, nataka uone mtego ulivyokuwa. Sikuwa nimeandika uongo. Mwenyekiti aliuliza mara tatu, na hakuna aliyepinga. Kisichosemwa hakipo: hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wengine. Kumbukumbu zilikuwa na sahihi. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu. Ningemwambia Mama Risper kwamba amechelewa, na hakuna mtu katika jengo lile angenilaumu. Lakini mimi ni mtoto wa huku. Mkuu wangu wa zamani, yule wa sweta, aliyekuja kutoka mbali, angeweza kusema hakujua maana ya mashamba yasiyolimwa wakati wa mvua. Mimi singeweza.

Kamati haiwezi kufungua jambo lililofungwa kwa sababu karani amesikia maneno ofisini. Inahitaji karatasi iliyopokelewa. Kwa hiyo nikampa Mama Risper karatasi na kalamu. Aliandika kwa Dholuo, lugha yetu, kwa herufi kubwa, mistari mitatu: kulikuwa na msiba, hatukuweza kusema, tunaomba mrudi. Akatia sahihi. Nikampeleka mapokezi, barua ikapigwa muhuri, akapewa nakala. Ilikuwa saa sita na robo.

Saa nane nilikuwa mlangoni kwa Mwenyekiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Bi Karani," akasema, "unaniambia kwamba nilifanya mkutano kwenye matanga?"

"Tulifanya, Mheshimiwa. Mimi na wewe."

"Na chifu alikuwa wapi?"

"Alikuwa palepale. Alidhani sisi tunajua na tumeamua hivyo hivyo. Sisi tulidhani yeye angetuambia."

Aliinuka akaenda dirishani. "Hizo kumbukumbu zina sahihi yangu. Huwezi kuzifuta."

"Hazifutwi, na sitaki zifutwe. Kamati inaweza kukutana Jumatatu, ipokee barua hii, na iamue kuiondoa ripoti kabla haijafika mezani. Halafu turudi Dipu mazishi na matanga yakiisha. Nami nitaandika maelezo ya karani, kwa jina langu, kwamba kikao kilifanyika wakati wa msiba na kimya kile hakikuwa kukubali."

"Ukiandika hivyo watasema karani alilala."

"Watakuwa wamesema kweli. Nililala macho wazi."

Alinigeukia kwa hasira. "Mama, una miezi miwili! Si ungeondoka tu kwa amani?"

Nilimwekea barua mezani, maandishi yakimtazama. Aliisoma, mistari yote mitatu, midomo ikicheza. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mzee aliyekufa alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia kwamba walimwita mzee hata wakati mimi na yeye Mwenyekiti tulipokuwa shule. Akaketi. "Jumatatu saa tatu," akasema. "Na umpigie simu Naibu mwenyewe. Mimi sitaki kelele yake."

Kelele ilikuwepo. Naibu alisema kwamba wajenzi wanangoja, kwamba wananchi walipewa nafasi, kwamba michoro imekwisha kupitishwa na wakubwa wake. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana mtu akiachiwa amalize huwa mwepesi zaidi. Kisha nikamwambia, "Bwana Naibu, ukijenga ua juu ya njia hiyo, utauvunja kila masika na kuujenga tena kila kiangazi. Njoo usikie watu mara moja, ujenge mara moja."

Kamati iliiondoa ripoti. Mjumbe wa Nyamasaria alijaribu kutumia nafasi hiyo kuurudisha mradi kwake, akazomewa kwa upendo.

Tulirudi Dipu baada ya matanga. Safari hii mashamba yalikuwa yamelimwa, na watu walikuja na sauti zao. Hatukukaa darasani. Mama Risper alimwambia Mwenyekiti avue viatu vyake vya mjini na amfuate, naye akavivua. Kamati nzima, Naibu na mpimaji wake, tuliitembea njia ile kutoka barabarani mpaka maboma ya ziwani. Mpimaji alipouliza upana unaotakiwa, Mama Risper aliwaita vijana wa ng'ombe wawapitishe.

"Hesabu," akamwambia mpimaji. "Nne kwa pamoja, na mimi kando nikiwa na fimbo. Usinipunguzie fimbo."

Walibishana kwa saa tatu. Naibu alitaka njia ipite pembeni, wenyeji wakamwonyesha mahali ambapo pembeni hujaa maji. Mwishowe alikaa juu ya ukingo wa josho kuukuu, akafungua mchoro wake magotini na kuuchora upya kwa kalamu: ua mara mbili, njia katikati, maktaba ikisogezwa nyuma. Ziwa halingeonekana tena vizuri kutoka dirishani. "Wanafunzi wakitaka kuona ziwa watatembea kama sisi," mtu akasema, na hata Naibu akacheka.

Si wote waliokubali. Mzee mmoja, Mzee Owiti, alisema kwamba ardhi ya josho ilitolewa na baba zao kwa ajili ya ng'ombe, si kwa ajili ya majengo, na kwamba hatabadilisha maneno hayo. Nilimwomba aseme polepole. Niliandika maneno yake yote, na jina lake. Alisimama nyuma yangu akahakikisha.

Bunge lilipitisha ripoti ya pili. Ndani yake mlikuwa na njia, vipimo vyake, sharti kwamba haitafungwa, na pingamizi la Mzee Owiti. Maelezo ya karani yalikuwa kiambatisho cha mwisho. Spika aliyasoma kimyakimya, akanitazama juu ya miwani, akaendelea na ajenda.

Leo nimestaafu, naishi Nyamasaria, nafuga kuku. Majuzi nilipita Dipu. Kuta za madarasa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha, na katikati ya nyua mbili ng'ombe walikuwa wakirudi kutoka majini, mmoja akijikuna kwenye nguzo mpya ya chuo kikuu bila haya. Mama Risper alikuwa mbele yao. Alinipungia fimbo, hakusimama. Alikuwa na haraka ya kukamua.

Najiuliza kama mkuu wangu wa sweta angekubali nilichofanya. Nadhani angekubali, baada ya kufoka kidogo. Alitaka tuandike yale ambayo watu watabanwa nayo kesho, na watu hawawezi kubanwa na jambo ambalo hawakupewa nafasi ya kulisema. Kwa hiyo, wewe karani, kabla ya kupanga tarehe mpigie chifu simu umuulize kama kuna msiba, na ukifika uyatazame mashamba. Hilo halimo kwenye kanuni, lakini ni kazi yako. Utakosea siku moja, kama mimi. Ukikosea, andika kwamba umekosea, weka jina lako, na kazi itaendelea, kosa halitakuua.

Na wewe usiye karani, ambaye kesho utaona tangazo la kikao limebandikwa ofisini kwa chifu wenu, usome tarehe yake. Kama siku hiyo haiwafai, andika barua ya mistari mitatu kwa lugha unayoijua: nini kimetokea, kwa nini hamwezi kusema, mnaomba siku gani. Tia sahihi. Ipeleke mwenyewe mpaka mapokezi, na usiondoke kabla nakala yako haijapigwa muhuri.